Mama ameanza kutembea: je, watamfutia saa za huduma ya nyumbani?

Swali: «Naishi Sacramento, California, na mume wangu, watoto wetu wawili na mama yangu mwenye miaka 74. Mama ana grini kadi, huu ni mwaka wa nane. Miaka miwili iliyopita alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalegea, na ana kisukari cha kuchomwa sindano. Ana Medi-Cal, bima ya afya ya California kwa wenye kipato kidogo, na IHSS, mpango unaolipa mtu amhudumie mgonjwa nyumbani, wamempa saa 118 kwa mwezi. Mimi ndiye mhudumu wake ninayelipwa. Sasa imekuja barua kwamba afisa atakuja mwezi ujao kumpima upya. Mama ameendelea vizuri, anatembea na fremu ya kuegemea ndani ya nyumba. Wenzangu wananiambia siku hiyo nimlaze kitandani na fremu niifiche, la sivyo watamfuta. Tena kiwanja chake cha Tanga kinauzwa, zitaingia kama shilingi milioni 60 kwenye akaunti yake ya huku. Na Desemba anataka kwenda Tanga akakae miezi mitatu. Nimechanganyikiwa. Nifanye nini asipoteze msaada?»

Dada, pole kwa kuuguza, na hongera. Mtu aliyeangushwa na kiharusi akasimama tena kwa fremu ana mikono nyuma yake iliyomsimamisha, na mikono hiyo ni yako.

Nianze na majibu yenyewe, maelezo yafuate. Kutembea kwa fremu hakumwondoi mama kwenye IHSS. Milioni 60 nazo hazimwondoi, mradi zitangazwe. Safari ya miezi mitatu ndiyo yenye hatari, na inaweza kupangwa upya. Kumlaza kitandani mtu anayetembea ndiko kunakoweza kuwaharibia kila kitu, yeye na wewe. Fremu iacheni mahali pake.

Kinachowachanganya wengi ni kudhani kwamba IHSS ni kitu kimoja, kina mlango mmoja na mlinzi mmoja. Sivyo. Huduma hii imesimama juu ya miguu miwili, na kila mguu una mtu wake pale kaunti. Mguu wa kwanza ni Medi-Cal yenyewe: afisa wake anaangalia kipato, mali, makazi na hadhi ya uhamiaji. Mguu wa pili ni uhitaji: afisa ustawi wa jamii wa IHSS anaangalia mambo ambayo mama hawezi kuyafanya kwa usalama bila mtu, akiwa anaishi nyumbani. Ukimwambia mmoja kwamba mmehama, usidhani mwenzake amesikia, hata kama meza zao ziko jengo moja. Toa taarifa mara mbili. Na mguu wa Medi-Cal ukikatika, IHSS inaanguka hata kama mama hawezi kuinua kijiko. Watu hujiandaa sana kwa ziara ya afisa ustawi, kumbe kilichowaponyoka ni bahasha ya Medi-Cal iliyolala juu ya friji.

Sasa tuje kwenye ziara, kwa sababu ndiyo inayokunyima usingizi.

Afisa hapimi kama mama ni mgonjwa. Neno «kiharusi» peke yake halitoi hata dakika moja. Anachopima ni shughuli, moja baada ya nyingine: kuoga, kuvaa, kula, kwenda chooni, kuingia na kutoka kitandani, kutembea ndani ya nyumba, kupika, kufua, kununua vitu, na nyinginezo. Kwa sehemu kubwa ya shughuli hizo anaandika alama kati ya 1 na 5. Alama ya 1 maana yake anafanya mwenyewe kwa usalama. Ya 2, anafanya mwenyewe lakini lazima akumbushwe au aelekezwe kwa maneno. Ya 3, anahitaji kushikwa au kusaidiwa na mtu kwa kiasi. Ya 4, kwa kiasi kikubwa. Ya 5, hawezi kabisa bila mtu. Kuanzia alama ya 2, shughuli nyingi zina mwongozo wa muda kwa wiki, na afisa anaweza kwenda juu au chini ya mwongozo huo ikiwa ataandika sababu.

Kwa hiyo mama akitembea kwa fremu kutoka chumbani hadi sebuleni, alama inayoguswa ni ya kutembea ndani. Haifuti alama ya kuoga. Haifuti ya kuvaa wala ya sindano. Inawezekana kabisa saa za mstari mmoja wa orodha hiyo zikapungua na za mwingine zikaongezeka, na hiyo ni haki.

Tuchukue kuoga, tukutazame kwa karibu, maana hapa ndipo saa nyingi hupotea kwa watu kusema «namsaidia kuoga» wakanyamaza. Mama anafika bafuni kwa fremu, wewe ukiwa nyuma yake mkono kiunoni kwa sababu sakafu ni ya vigae. Anakaa kwenye kiti cha kuogea. Mguu wa kulia anauvusha mwenyewe juu ya ukingo wa bafu. Wa kushoto unaunyanyua wewe. Unafungua maji na kuyapima kwa mkono wako, kwa sababu upande wake uliolegea hausikii joto vizuri na anaweza kuungua asijue. Kifua na mkono wa kushoto anavisugua mwenyewe. Mgongo, miguu, kwapa la kulia na sehemu za siri unamsugua wewe, kwani mkono wake mzima ndio pekee anaoutumia na haujifikii wenyewe. Unamkausha katikati ya vidole vya miguu, jambo ambalo kwa mwenye kisukari si pambo: unyevu ukibaki pale huzaa vidonda. Unamtoa, unampaka mafuta. Ukihesabu kwa saa ya ukutani, ni dakika 25. Kila siku, hizo ni dakika 175 kwa wiki, yaani saa 2 na dakika 55. IHSS hugeuza wiki kuwa mwezi kwa kuzidisha mara 4.33, kwa hiyo kuoga peke yake ni kama saa 12 na dakika 38 kwa mwezi. Mtu aliyesema tu «namsaidia kidogo» hapati hizo.

Fanya hivyo kwa kila shughuli. Chukua daftari, uandike kwa siku 14 mfululizo: shughuli, dakika ngapi, mara ngapi, na nini hasa kilifanywa na mkono wako. Andika siku mbaya pia: asubuhi sukari iliposhuka akatetemeka, usiku alipoamka mara tatu kwenda chooni, siku goti lilipomkataa. Kinachotafutwa ni picha ya kweli ya mwezi mzima, na ziara ya saa moja ikiangukia asubuhi njema haitaonyesha yote hayo kama hujayaandika. Nakala moja mpe afisa, nyingine baki nayo.

Tatizo la pili katika ziara ni sisi wenyewe na lugha yetu. Afisa anauliza hali, mama anajibu «sijambo, namshukuru Mungu». Kwetu hiyo ni adabu. Mgonjwa aliye mahututi naye hujibu hivyohivyo. Kwenye karatasi ya afisa inageuka kuwa «mgonjwa anasema yuko vizuri». Akiulizwa kama anaweza kujivalisha, anasema «najiweza mwanangu», kwa sababu mzazi haoni raha kutangaza mbele ya mgeni kwamba anavalishwa kama mtoto. Kaa naye kabla ya siku hiyo umweleze kwamba anayekuja hakuja kumsalimia. Amekuja kuandika nini mwili wake unakataa. Mwombe ajibu kwa vitendo badala ya hali: kifungo cha gauni anafunga au hafungi? Soksi anavaa nani?

Kuna na mambo ya haya. Kama mkojo humponyoka, hatalisema mbele ya mkwewe. Panga mumeo asiwepo chumbani wakati wa maswali, na kama mama anapendelea, mpeni afisa nafasi ya kuzungumza naye bila wewe pia. Haja ndogo inayomtoka inabadilisha mistari miwili mitatu: choo, kufua, hata usiku. Haiwezi kuandikwa kama haikutajwa.

Na tafadhali, usiwe mkalimani. Kaunti inalazimika kumpatia mama mkalimani wa Kiswahili bila malipo, ana kwa ana au kwa simu. Wewe ni binti na ndiye unayelipwa, kwa hiyo maneno yake yakipita mdomoni mwako yanatiliwa shaka hata ukisema kweli tupu. Piga simu ofisi ya IHSS sasa hivi, usisubiri siku ya ziara, useme lugha ya mama ni Kiswahili na mkalimani aandaliwe.

Jambo ambalo familia za wagonjwa wa kisukari husahau mara nyingi ni sindano. Kumpima sukari, kumchoma insulini, kuosha na kufunga kidonda, hizi zinahesabiwa kama huduma za kitabibu, na zina fomu yake ya pekee, SOC 321, ambayo daktari anaijaza na kusaini akieleza nini kifanyike, mara ngapi na dakika ngapi. Bila fomu hiyo afisa hana namna ya kuziandika. Kama katika saa 118 hizo sindano hazimo, iombe fomu sasa uipeleke kliniki kabla ya ziara. Vilevile muda wa kumsindikiza kliniki unaombwa. Weka orodha ya miadi ya miezi mitatu iliyopita. Na kama tangu kiharusi mama amekuwa akisahau kiasi cha kujihatarisha, anaacha jiko linawaka au anatoka nje asijue arudi vipi, hiyo ni huduma ya ulinzi, ina fomu SOC 821 ya daktari, na inaweza kupandisha saa sana. Kiwango cha juu kabisa cha IHSS ni saa 283 kwa mwezi. Kama hana hali hiyo, usiiombe.

Hapo nirudi kwenye ushauri wa wenzako wa kuficha fremu. Najua unatoka kwa watu wanaokupenda. Lakini afisa anaweza kuwa na taarifa za daktari na za mtaalamu wa mazoezi zinazosema mama anatembea hatua kadhaa kwa fremu. Akimkuta kitandani hajiwezi, shaka itaangukia kila mstari, hata ile ya kweli. Ikifika hatua ya kuitwa udanganyifu, wewe kama mhudumu unaweza kushtakiwa, na anayetiwa hatiani kwa kosa la kudanganya mpango wa afya au huduma wa serikali hawezi kuwa mhudumu wa IHSS kwa miaka 10. Kumwonyesha mama akitembea kwa fremu, nawe nyuma yake umemshika, ndiko kunakothibitisha kwamba anahitaji mtu.

Kuna upande mwingine wa hesabu ambao utakushangaza usipouelewa mapema. Nyumba yenu ina watu watano. Kazi za pamoja hugawanywa kwa idadi ya watu wanaofaidika nazo. Usafi wa nyumba, kwa mfano, huwa saa 6 kwa mwezi kwa nyumba nzima. Mama huhesabiwa fungu lake tu la sehemu zinazotumiwa na wote. Kufua kwa mashine iliyomo nyumbani kwa kawaida ni saa moja kwa wiki, nayo hugawanywa ikiwa nguo zote zinaingia pamoja. Lakini kama mashuka na nguo za mama unazifua peke yake kwa sababu ya mkojo, hiyo haigawanywi. Kama chakula chake unakipika kivyake kwa ajili ya kisukari, au kwa sababu kumeza kunamsumbua na lazima kilainishwe, hiyo nayo ni ya kwake mwenyewe. Wengi hujibu «tunakula pamoja» kwa maana kwamba mnakaa meza moja, kumbe sufuria ni mbili. Sema sufuria ngapi. Huduma za mwili, kama kuoga na kuvaa, ni za mtu mmoja, hazigawanywi.

Na akikuuliza mtu kwa nini serikali ikulipe kazi ambayo binti anapaswa kuifanya bure, usitetereke. Sheria ya IHSS inamtazama mwenzi wa ndoa aliye na uwezo na nafasi, na wazazi wa watoto wadogo, kwa masharti maalumu. Mtoto mtu mzima hana wajibu huo kisheria. Ila angalia usije ukasaini fomu SOC 450 bila kuisoma: hiyo ni ya mtu anayekubali kufanya huduma fulani bila malipo, na ukiisaini, huduma hiyo inatoka kwenye saa za mama.

Tuje kwenye kiwanja. Kati ya Januari 2024 na mwisho wa 2025, Medi-Cal haikuangalia mali kabisa. Tangu Januari 1, 2026 imerudi kuangalia, na kikomo ni dola 130,000 kwa mtu mmoja. Nyumba ambayo mtu anaishi, kama ni yake, na gari moja havihesabiwi. Kiwanja cha Tanga ni mali, na kuwa kwake mbali hakukifanyi kisiwe mali. Milioni 60, kwa kiwango cha kama shilingi 2,500 kwa dola, ni dola 24,000 hivi. Hata ukijumlisha na akiba ndogo aliyonayo, yuko mbali sana na kikomo.

Hatari iko kwingine: namna fedha zinavyoingia. Mnunuzi akilipa kwa awamu tatu za milioni 20, akaunti ya mama itaonyesha dola 8,000, kisha 8,000, kisha 8,000, na afisa asiye na maelezo ataona mtu mwenye kipato kikubwa cha kila mwezi. Fedha ya kuuza mali si kipato. Ni mali iliyobadilika sura. Ila lazima uithibitishe. Weka mkataba wa mauzo, hati ya kiwanja au barua ya toleo, na risiti za benki za kila awamu, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mpe afisa wa Medi-Cal taarifa ndani ya siku 10 tangu fedha ziingie. Na usizipitishe kwenye akaunti yako «ili zisionekane», wala usiandikishe kiwanja jina la kaka yako haraka haraka kabla ya kuuza. Hamna haja, kwa sababu kiasi hiki hakimzuii, na kuhamisha mali kwa kificho huzua maswali ambayo uwazi usingezua. Kumbuka pia kwamba kama ana akaunti ya pamoja nawe, iliyomo inaweza kuhesabiwa yote kuwa yake, kwa hiyo akiba yako iweke kando.

Kipato ndicho cha kuchungwa zaidi kuliko akiba. Kikomo kwa mwenye miaka 65 na kuendelea ni asilimia 138 ya kiwango cha umaskini cha serikali ya shirikisho, kiasi kinachozunguka dola 1,800 kwa mwezi kwa mtu mmoja na kupanda kidogo kila mwaka. Pensheni ya NSSF inayoingia Tanzania inahesabiwa. Fedha taslimu ambazo ndugu wanamtumia nazo zinahesabiwa katika mwezi zilipoingia. Mshahara wako wa IHSS na wa mumeo si kipato chake. Akivuka kikomo hata kwa dola chache, haondolewi moja kwa moja, ila anahamishiwa kwenye mpango wa kuchangia gharama, na hapo ndipo panapouma: anaruhusiwa kubaki na dola 600 tu kwa mwezi. Mwenye kipato kinachohesabika cha dola 1,900 anatakiwa kuchangia 1,300 kabla Medi-Cal haijaanza kulipa mwezi ule. Aliye karibu na mpaka huo aulize kama malipo ya bima ya ziada ya afya, hata ya meno au macho, yanaweza kumshusha chini ya mstari. Mara nyingine bima ndogo tu inatosha.

Safari sasa. Hapa niseme bila kuzunguka: miezi mitatu ni mirefu mno. Medi-Cal inataka taarifa ya mtu anayekaa nje ya California zaidi ya siku 60, kwa sababu baada ya hapo swali linakuwa kama bado ni mkazi. Kama mama anaweza kukaa wiki saba badala ya kumi na tatu, hatari hiyo inapungua sana. Mjulishe afisa ustawi kabla ya kuondoka, kwa maandishi, tarehe ya kwenda na ya kurudi, na nakala ya tiketi ya kurudi. Fedha za Medicaid, mpango wa shirikisho ambao Medi-Cal ni tawi lake California, hazilipi huduma zinazofanyika nje ya Marekani, kwa hiyo hata ukisafiri naye na kumwogesha kule Tanga kila siku, usijaze saa za siku hizo bila ruhusa ya maandishi ya kaunti. Hilo lina mantiki ileile ya hospitali: mama akilazwa siku tano, hujazi saa za siku tano hizo, hata kama ulikaa pembeni ya kitanda ukimlisha kwa kijiko. Mfumo wa malipo hulinganisha saa ulizojaza na siku alizolazwa, na tofauti hujulikana.

Medi-Cal haitalipa hospitali ya Bombo wala kwingine kokote Tanzania, hivyo abebe insulini ya kutosha safari nzima na ziada ya wiki mbili, na barua ya daktari. Kwa grini kadi, kukaa nje chini ya miezi sita hakuleti dhana ya kukatisha ukaazi wake. Msomaji mwingine ambaye mzazi wake ana SSI, yaani fedha za kila mwezi za serikali ya shirikisho kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, ajue kwamba kanuni yao ni kali zaidi: akifikisha siku 30 mfululizo nje ya Marekani SSI inasimama, na hairudi mpaka amalize siku 30 mfululizo akiwa ndani ya nchi.

Na kwa familia ambazo mzee aliingia kama mkimbizi au alipewa hifadhi na hajaomba grini kadi: sheria ya shirikisho iliyopitishwa Julai 2025 inaondoa fedha za Medicaid za shirikisho kwa watu wa kundi hilo kuanzia Oktoba 1, 2026. Mkimbizi anatakiwa kuomba grini kadi baada ya mwaka mmoja nchini. Kama mwaka umepita na fomu bado iko kwenye droo, itoeni leo.

Wakati mama yuko Tanga, nani atafungua barua zake? Medi-Cal huhuishwa kila mwaka. Kaunti kwanza hujaribu kuhuisha yenyewe kwa taarifa ilizonazo. Ikishindwa, hutuma fomu yenye tarehe ya mwisho. Fomu isiporudi, Medi-Cal inakatwa, na IHSS inafuata. Kuna siku 90 baada ya kukatwa ambamo ukirudisha fomu na vielelezo wanaweza kumrudishia bila kuanza maombi upya, lakini wewe kama mhudumu unaweza kukaa muda wote huo bila malipo. Mama asaini fomu MC 382 kukufanya mwakilishi wake kwa mambo ya Medi-Cal, ili uweze kuzungumza na afisa na kupokea nakala za barua. Hakikisha pia anwani na namba ya simu ni sahihi katika ofisi zote mbili.

Ikitokea saa zimepunguzwa, itakuja notisi, na inapaswa kutumwa angalau siku 10 kabla ya mabadiliko kuanza. Isome mstari kwa mstari, ulinganishe na ya mwaka jana: huduma ipi imeshuka, kutoka ngapi hadi ngapi, kwa sababu gani. Kama sababu si ya kweli, mama ana haki ya kuomba shauri mbele ya hakimu wa jimbo, na mkalimani wa Kiswahili ni bure. Muda wa kuomba ni siku 90 tangu notisi ilipotolewa, lakini kuna tarehe nyingine ndogo ndani yake yenye thamani kubwa zaidi: akiomba kabla ya siku mabadiliko yanapoanza, saa za zamani zinaendelea kulipwa mpaka uamuzi utoke. Kaunti inatakiwa kutoa maelezo ya msimamo wake kwa maandishi siku mbili za kazi kabla ya shauri; yaombe, uyasome ukiwa na daftari lako la siku 14 mkononi.

Kuna hatua ambazo maandishi kama haya hayatoshi, na unahitaji mtu wa kukaa naye uso kwa uso: notisi ya kufuta huduma yote, barua inayosema umelipwa saa zisizo zako, mali inayokaribia dola 130,000, au mzee aliyekwisha kukaa nje zaidi ya siku 60. Disability Rights California na Health Consumer Alliance hutoa msaada wa kisheria bila malipo kwa mambo ya IHSS na Medi-Cal. Nenda na notisi pamoja na bahasha yake, usiitupe: muhuri wa posta unaonyesha ilitumwa lini, na mara nyingine tarehe hiyo ndiyo inayoamua kama saa za mama zitaendelea kulipwa wakati mnasubiri.